Mkebe mwekundu wa gochujang na kuku wa viazi kwenye sufuria ya Nakuru

Anayenunua mkebe huu akidhani ni pilipili ya chupa iliyoganda atapika kuku mmoja, atawalaumu Wakorea, na mkebe utahamia nyuma ya friji. Gochujang si pilipili ya kuongezea mezani. Ni kiungo cha kupikia: unga wa pilipili nyekundu, mchele wa kunata, unga wa soya iliyochachushwa, kimea cha shayiri na chumvi, vyote vikaachwa vichachuke hadi viwe rojo zito linalong'ang'ania kijiko. Utamu wake hutoka kwenye wanga wa mchele uliovunjwavunjwa na kimea. Ule uzito wa ladha, unaofanya mchuzi wa dakika 40 uonje kama uliinjikwa asubuhi, hutoka kwenye soya. Ukali unakuja nyuma ya hivyo viwili.

Tunayoipima hapa ni ile ya kiwandani, mkebe wa plastiki wa mraba wa gramu 500, ambayo hutafutwa kwenye rafu ya vyakula vya Asia katika supamaketi kubwa, au huagizwa Nairobi ikaja na basi. Bei yake inaweza kukaribia ya kuku mzima wa broila, na hapo ndipo wengi hurudisha mkono. Lakini piga hesabu: kijiko kikubwa kimoja kina gramu 20 hivi, kwa hiyo mkebe una vijiko 25. Sufuria ya kuku wa kilo moja na robo inataka viwili. Hizo ni sufuria 12, na bado kinabaki cha kulamba.

Kabla ya kulipa, geuza mkebe usome. Mwekundu ndio gochujang, na kwa Kikorea huandikwa 고추장. Wa kijani kwa kawaida ni ssamjang, rojo la kuchovya nyama iliyochomwa, na wa rangi ya udongo ni doenjang, soya tupu isiyo na pilipili. Kuna pia chupa ya kufinya iitwayo sosi ya gochujang. Hiyo imeshatiwa siki na sukari na ikafanywa nyepesi. Inafaa kumwagia chipsi, ila kwenye mchuzi itakuacha na uchachu usioondoka. Mikebe mingi ina kipimo cha ukali chenye ngazi tano, kiitwacho GHU. Ngazi ya kati, 45 hadi 75, ndiyo ya kuanzia. Angalia pia orodha ya viungo, kwa sababu huandikwa kuanzia kilicho kingi: sirapu ya mahindi ikitangulia, jua umenunua utamu kwanza, na sukari ya mapishi yako ipunguzwe kwa nusu. Jina Sunchang likiwa usoni, linarejelea wilaya ya Korea Kusini inayosifika kwa gochujang tangu zamani. Viwanda vingi hutia alkoholi kidogo ili rojo lisiendelee kuchachuka na kufura, kwa hiyo Mwislamu atafute mkebe wenye alama ya halali. Na mwenye mzio wa ngano au soya aachane nayo kabisa.

Sasa jikoni. Wakorea wana kuku wa pilipili wa aina nyingi, lakini unaofaa nyumba zetu kuliko wote ni dakbokkeumtang, kuku wa mchuzi na viazi. Hauhitaji chombo chochote kisichokuwa jikoni tayari, na viazi vya Molo vipo sokoni mwaka mzima.

Kwa watu wanne au watano: kuku kilo moja na robo, akatwe vipande 12 hivi na mifupa yake, viazi vinne vya wastani, karoti moja kubwa, vitunguu maji viwili, vitunguu vya majani vitatu. Mchuzi wake: gochujang vijiko vikubwa 2, gochugaru (unga wa pilipili wa Kikorea wa chengachenga) vijiko vikubwa 3, sosi ya soya vijiko 4, sukari kijiko 1, kitunguu saumu punje 8 zilizopondwa, tangawizi iliyokunwa kijiko cha chai 1, pilipili manga nusu kijiko cha chai. Maji vikombe viwili na nusu. Chumvi usiguse. Rojo lina chumvi, sosi ina chumvi, na mchuzi utakaukia humo humo.

Tazama uwiano huo vizuri: unga ni mwingi kuliko rojo. Hapa ndipo mkebe huu husingiziwa makosa yasiyo yake. Mtu asiye na gochugaru huona afidie kwa kutia gochujang vijiko vitano au sita. Rojo lina wanga na sukari. Likizidi, mchuzi unakuwa mzito kama uji, mtamu wa kukinaisha, na unakamata chini ya sufuria kabla kuku hajaiva. Kazi ya rojo ni kuupa mchuzi mwili. Rangi na ukali uuachie unga.

Chemsha maji mengi, tumbukiza vipande vya kuku kwa dakika tatu, mwaga maji hayo na usuuze kila kipande, hasa penye damu iliyoganda kando ya mfupa wa mgongo. Ni hatua inayorukwa, na anayeiruka hupata povu la kijivu juu ya mchuzi mwekundu. Rudisha kuku kwenye sufuria safi na vikombe viwili na nusu vya maji na sukari peke yake. Acha ichemke dakika tano, ndipo uongeze mchuzi wote uliokwisha kuukoroga bakulini. Funika, moto wa wastani, dakika 10. Tia viazi na karoti, dakika 15. Tia vitunguu maji, ondoa kifuniko, dakika 10 za mwisho ukiteka mchuzi na kuumwagia juu ya nyama. Iko tayari pale nyama inapojivuta na kuacha ncha ya mfupa wa paja wazi, na mwiko ukipita chini ya sufuria unaacha njia inayojifunga polepole. Epua, kisha vitunguu vya majani, kijiko cha chai cha mafuta ya simsim, na simsim iliyokaangwa kavu. Kwa simsim usilipe bei ya pakiti ya supamaketi. Tafuta kwa wauza nafaka sokoni, Kibuye kwa walio Kisumu, ukaange mwenyewe.

Dakika hizo ni za broila. Kuku wa kienyeji ni habari nyingine, na mapishi ya Seoul hayawezi kumsaidia mtu wa Nakuru. Mji wetu uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ni kama nyuzi 96. Kuku mgumu anahisi tofauti hiyo. Kienyeji mchemshe kwanza na tangawizi peke yake, saa moja au zaidi, mpaka uma uingie pajani, kisha uanze hesabu pale mchuzi unapotiwa, ukitumia supu yake badala ya maji. Ukimtia rojo tangu mwanzo, sukari itaungua saa nzima na nyama itabaki kamba. Kwa haki, kienyeji akipikwa hivyo anamshinda broila mbali: supu yake inabeba pilipili vizuri zaidi.

Viazi navyo vina masharti. Shangi, ambao ndio wengi sokoni, huiva upesi na kupasuka. Kata kila kiazi mara mbili tu au tatu, na ukwangue kingo kali za kila kipande kwa kisu ili visimomonyoke. Vikimeguka kidogo si hasara, kwani unga wake huukaza mchuzi. Vikitiwa pamoja na kuku tangu mwanzo, utapakua viazi vilivyopondeka.

Tabia tatu za jikoni kwetu zinahitaji kuzuiwa. Ya kwanza ni kukaanga kuku kabla ya kumtia kwenye mchuzi: mafuta yanaelea juu na ngozi iliyokauka hainywi rojo. Ya pili, nyanya. Uchachu wake unapigana na soya, na rangi inakuwa ya machungwa. Ya tatu, mchuzi mix wa pakiti, ambao unaleta chumvi nyingine na bizari, na hapo unarudi kwenye mchuzi wa kila Jumapili ukiwa umelipia mkebe wa Korea. Kuhusu sosi ya soya, zile nyeusi nzito zinaufanya mchuzi uwe kama lami. Anza na vijiko vitatu, uonje kabla ya kuongeza cha nne.

Moto: meko ya gesi chini ya sufuria nyembamba ya alumini huunguza rojo kwa dakika mbili ukigeuka kujibu simu. Tumia sufuria nzito. Kwenye jiko la makaa, ukishatia viazi, funika makaa kwa jivu. Harufu ya sukari iliyoungua ikitoka, usikoroge. Hamishia kilicho juu kwenye sufuria nyingine na uache kilichoganda hukohuko, maana ukikoroga mara moja tu uchungu unaenea kote.

Gochugaru isipopatikana? Pilipili yetu ya unga si mbadala wa kijiko kwa kijiko. Ile ya Kikorea ni ya upole, imetolewa mbegu nyingi, na ina utamu wa pilipili iliyokauka juani. Vijiko vitatu vya unga wetu vitamtoa mtu mezani. Changanya paprika tamu vijiko vikubwa viwili na nusu na nusu kijiko cha chai cha pilipili ya kawaida. Utapata rangi na ukali wa kutosha, ingawa chengachenga zile zinazoonekana kwenye mchuzi hutazipata. Kwa gochujang yenyewe, mchanganyiko wa nyanya ya kopo, sukari na pilipili unaosifiwa mitandaoni haufai. Hauna kilichochachuka ndani yake. Asiye na mkebe apike kitu kingine siku hiyo.

Mkebe huohuo unatengeneza pia kuku wa kukaanga aliyepakwa sosi, yangnyeom, na hapa alama zake zinashuka kidogo kwa sababu kazi kubwa inafanywa na mafuta. Vipande vya kilo moja, chumvi kijiko cha chai, kisha robo tatu ya kikombe cha wanga wa viazi au wa mahindi ule mweupe laini, si unga wa ugali. Kaanga dakika 10 kwenye nyuzi 160, pumzisha dakika tano kwenye waya, rudia dakika tatu kwenye nyuzi 180. Kukaanga mara ya pili kunatoa unyevu uliopanda kwenye ngozi wakati wa kupumzika. Usiporudia, ganda linalegea likigusa sosi. Sosi: gochujang vijiko 2, tomato sosi 3, asali 2, sosi ya soya 1, kitunguu saumu punje 4, ichemke dakika mbili mpaka itoe mapovu mazito. Asali ya Baringo iliyo nyeusi ina ladha ya moshi inayofaa ajabu hapa, ila tia kijiko kimoja na sukari kimoja, isije ikafunika soya. Kuku na sosi vikutane dakika ya mwisho, wageni wakiwa wameshanawa mikono.

Wali wa Ahero unaufaa mchuzi huu kuliko pishori, ambayo harufu yake inashindana na simsim. Ugali pia unakubali, tena vizuri. Pembeni weka kabeji iliyokatwa nyembamba, iliyolazwa nusu saa kwenye siki, maji na sukari.

Ukifungua mkebe, uweke kwenye friji na uchote kwa kijiko kikavu kila mara. Sehemu ya juu itageuka kuwa nyekundu iliyoiva, karibu na kahawia. Hiyo ni hewa tu, haijaharibika. Ukungu wenye manyoya ndio sababu ya kutupa. Gochugaru ikae kwenye friza, la sivyo inapauka na kupoteza harufu. Na mkebe ukionekana umeisha, kona zake nne bado zimeficha karibu kijiko kizima. Mimina nusu kikombe cha maji moto, funga, tikisa, umwage kwenye sufuria ya mwisho.