Miaka miwili na shule ya mwanangu, Ujiji

Binti yangu yuko darasa la tatu katika shule ya serikali huku Ujiji. Ada hakuna, hilo linajulikana. Mchango wa chakula ndio wenye maneno. Tulikubaliana kikaoni: mahindi, maharage na hela ya kuni. Makande wanapika vizuri, mtoto harudi tena na njaa ya kulia.

Ila mchango wanaudai mwisho wa mwezi, kama vile sote tuna mshahara. Mimi nauza dagaa Kibirizi, kwenye mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi haipati kitu, na sisi wauzaji tunakaa mikono mitupu. Nilimweleza mwalimu mkuu. Akanifungulia ukurasa kwenye daftari, nalipa kidogo kidogo. Hapo nilimheshimu.

Vikao vya wazazi ni saa mbili asubuhi, wakati sisi wa mwaloni ndo kwanza tunaanika. Waweke alasiri, jamani! Vyoo vya wasichana vina milango sasa, maji bado ya ndoo.

Mwalimu wa darasa anapokea simu hata jioni. Mdogo wa binti yangu namwandikisha hapohapo Januari.