Futari au jabia: sadaka ya familia iende wapi?

Shaabani ikiingia, familia zenye uwezo Lamu huchanga. Nyingi hununua unga, mchele, sukari na tende, zikagawa mlango kwa mlango. Ni jambo jema: mjane anafuturu leo, hasubiri kamati. Ila Idi ikifika, gunia limekwisha.

Jabia, yaani birika kubwa la kukingia maji ya mvua, ni habari nyingine. Katika visiwa vya Ndau na Kiwayu huko Lamu, ambako maji ya visima yana chumvi, watu hutegemea mvua iliyokingwa humo. Nyufa zikizibwa kabla ya masika, kijiji kizima kinapata maji ya kunywa kiangazi. Gharama ni kubwa, na lazima awepo wa kuisafisha kila mwaka. Hili husahauliwa sana, nami huniuma. Mfuko wa familia ningeuelekeza kwenye jabia, futari niwaachie majirani.