Banda la kunenepesha ng'ombe la kulipia, Uyole: malazi safi, mizani ina maneno

Nina bucha Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kwa muda mrefu nimekuwa nikinunua ng'ombe upande wa Usangu na kuwachinja siku mbili tatu baadaye, mbavu zikihesabika. Mwaka huu niliwapeleka maksai wangu kwenye banda la kulipia pale Uyole, wanenepeshwe kwa miezi mitatu. Jina la banda naliacha, maana ninayoyalalamikia ni maswali ya kumuuliza yeyote anayetoa huduma hii. Kwa kifupi, ng'ombe walitunzwa vizuri kuliko nilivyotegemea na chakula si cha kubabaisha, ila upimaji wa uzito unambeba mwenye banda.

Sakafu ndiyo niliyoiangalia kwanza. Banda limeezekwa bati, upande mmoja hauna ukuta, na kwenye kofia ya paa wameacha uwazi wa kutolea hewa. Chini kuna maranda na vumbi la mbao kutoka Mafinga. Hawazoi kila siku. Wanamwaga mapya juu ya ya zamani mpaka yanakuwa mazito, na yale ya chini yanapooza yanatoa joto. Kwa baridi ya Uyole ya Juni na Julai, ng'ombe aliyezoea jua la Rujewa, huko Usangu, analihitaji joto hilo. Marekani, kwenye majimbo kama Iowa, wako wanaofuga ng'ombe wa nyama juu ya malazi ya namna hii, na wako wanaojenga sakafu ya zege yenye mianya ili kinyesi na mkojo vidondokee kwenye shimo kubwa chini ya banda. Shimo linaokoa kazi, lakini kinyesi kikikorogwa wakati wa kukitoa hutoka gesi inayoweza kuua ng'ombe na watu. Maranda hayana balaa hilo. Yanachotaka ni mfanyakazi asiye mvivu.

Ukitaka kujua kama banda linapitisha hewa, usiishie mlangoni. Chuchumaa mpaka usawa wa pua ya ng'ombe aliyelala. Nilipofanya hivyo kijana wa zamu aliniuliza, "Mama, umedondosha nini?" Sikuwa nimedondosha kitu, nilikuwa nasikilizia kama macho yatawasha kwa hewa kali ya mkojo. Hayakuwasha. Mvua za Aprili zilipopiga upande ulio wazi yaliwasha kidogo, nikasema, na nilipopita tena maranda mapya yalikuwa yameshamwagwa.

Kwenye chakula sina neno baya. Mwanzoni waliwapa majani makavu ya mpunga na mabua ya mahindi kwa wingi, pumba kidogo sana. Pumba za mahindi na mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta) viliongezwa polepole kwa wiki mbili tatu, pamoja na molasi kidogo, chumvi na chokaa ya mifugo. Wanaoharakisha hapa ndio wanaozika ng'ombe: vijidudu vya tumboni vilivyozoea nyasi vikishtukizwa na wanga mwingi tumbo linajaa asidi, mnyama anaacha kucheua, anaharisha, anachechemea, na asipowahiwa anakufa. Chokaa nayo si pambo. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na maksai anayelishwa pumba muda mrefu bila chokaa anaweza kupata vijiwe vinavyoziba njia ya mkojo. Nilimuuliza msimamizi kwa nini anaweka chokaa, akanijibu hivyohivyo bila kung'ang'ana na maneno. Pale nikatulia. Maji yapo muda wote, na wangu hawakuchanganywa na ng'ombe wa mteja mwingine. Makundi mageni yakikutanishwa hupigana pembe, na kila pembe inayoingia ni nyama ya kukatwa na kutupwa.

Sasa mizani.

Banda lina bei mbili. Ya kwanza ni shilingi 4,000 kwa siku kwa kila ng'ombe. Ya pili ni shilingi 5,000 kwa kila kilo inayoongezeka. Msimamizi huisifia ile ya kilo: "Mama, ng'ombe asiponenepa hulipi." Kwa masikio inapendeza, nami nikaichagua. Lakini uzito wa kuanzia wanaupima ng'ombe akishuka tu kwenye Fuso, na hapo tumbo ni tupu. Ameshinda mnadani bila maji, amesimama garini kupandisha mlima wa Inyala, amekunya na kukojoa njia nzima. Safari ya namna hiyo huondoa kwa urahisi kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito. Kwa ng'ombe wa kilo 250 ni kama kilo 12 hadi 25, na nyingi kati ya hizo zinarudi ndani ya siku chache akinywa na kula, kabla hajaongeza hata mnofu mmoja. Mteja wa bei ya kilo anazilipia kama unene.

Nilikuwa na mkanda wa kupimia kifua, ule wenye namba za uzito. Si sahihi kama mizani, lakini kifua hakinywi maji. Mkanda ulisoma karibu sawa mnadani na Uyole, huku mizani yao ikisoma pungufu. Chukua mmoja wao kama mfano: akiwa ameshiba ni kama kilo 250, mizani ya kuingilia ikaandika 230, akatoka na 310. Nililipia kilo 80, yaani 400,000. Alizonenepa kweli ni kama 60, ambazo zingekuwa 300,000. Kwa bei ya siku, siku 90, ningelipa 360,000. Niliomba wapime upya siku ya nne baada ya kuingia, nikaambiwa, "Mkataba ndivyo ulivyo, mama yangu." Mizani yenyewe sina shaka nayo, nilipanda mimi, ikasema ukweli ambao nisingependa uandikwe hapa.

Je, inalipa? Kwangu mwenye bucha, ndiyo, kwa kubana. Ng'ombe aliyekonda akichinjwa, nyama na mfupa huwa chini ya nusu ya uzito wake. Akinenepeshwa inavuka nusu. Kwa huyo wa mfano ni kama kilo 46 zaidi ndoanoni. Nikiziuza rejareja kwa 11,000 napata 506,000. Mtu anayemuuzia dalali kwa bei ya jumla, 8,000 kwa kilo, anapata 368,000, na kwa zile 400,000 za mizani anaingia hasara. Wauza nyama choma wangu nao wamefurahi: mafuta yapo, na ni meupe kuliko yale ya njano ya ng'ombe wa majani.

Upande wa dawa niwape sifa yao. Ng'ombe wageni hukaa zizi la pembeni kwanza, wananyweshwa dawa ya minyoo na kunyunyiziwa ya kupe. Mmoja wangu alikohoa, akaitiwa daktari wa mifugo, akachomwa sindano ya oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, ile ya kukaa muda mrefu mwilini. Lebo ya chupa ilitaka siku 28 kabla ya kuchinja. Walimwandika daftarini, na muda wa mkataba ulipoisha alibaki mpaka siku zake zikatimia, bila kunitoza za ziada. Kwa sisi wenye bucha hilo ni kubwa, maana nyama yenye dawa huijui kwa kuiangalia.

Kundi linalofuata nitalipeleka hukohuko, kwa bei ya siku, baada ya mavuno pumba zikishuka bei. Kuhusu samadi, mjue mapema kwamba ni mali yao. Wakulima wa viazi wanaifuata kwa Kirikuu, na viroba viwili vya bustani yangu, vilivyotoka kwa ng'ombe wangu mwenyewe, nilivinunua kwa bei ileile wanayolipa wao.