Unga wa "Seli Shina" Unaouzwa Mwanjelwa: Hauna Kiinitete, Hauna Tiba

Vipakiti hivi vinapatikana soko la Mwanjelwa na kandokando ya stendi za Mbeya: unga mkavu unaodaiwa kuwa na seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka aina nyingine za seli za mwili, wa kukoroga kwenye glasi ya maji kabla ya kula. Muuzaji mmoja atasema umetokana na matufaa. Mwingine atasema ni seli za mimba changa, ndiyo maana bei iko juu. Hapo muumini anakwama: je, kuunywa ni kushiriki kuua?

Hapana, kwa sababu ndani hamna kiinitete, yaani mimba ya siku za mwanzo kabisa. Seli shina hai hulelewa maabara kwenye nyuzijoto 37, katika hewa iliyoongezwa kaboni dayoksaidi asilimia 5, na majimaji ya chakula chake hubadilishwa karibu kila siku. Zikihifadhiwa, hugandishwa kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukizikausha na kuzisaga, zimekufa. Hata zingekuwa hai, tumbo lingezimeng'enya. Seli ya tufaa nayo haigeuki kongosho la mtu, kiungo kinachosimamia sukari mwilini. Tunaupa unga huu nyota 1 kati ya 5, tena ni kwa vipakiti vyenye orodha ya viambato tu. Mgonjwa wa kisukari aisome: akikuta maltodekstrini, aina ya wanga, ajue inapandisha sukari haraka.

Mjadala wenyewe ni mzito na haustahili kuchezewa sokoni. Mwaka 1998 mtafiti James Thomson wa Wisconsin, Marekani, alipata seli shina za binadamu kutoka viinitete vilivyotungwa maabara kwa ajili ya uzazi, si mimba zilizotolewa. Kiinitete cha siku 5 hivi kina seli 100 hadi 200, lakini kuchota zile za ndani ni kukiharibu. Kwa Kanisa Katoliki, waraka wa Donum Vitae wa 1987 unataka kiinitete kiheshimiwe kama mtu tangu kutungwa. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huhesabu roho kupulizwa siku ya 120, na baadhi yao wameruhusu utafiti kwa masharti. Uingereza, kwa sheria ya 1990, iliweka ukomo wa siku 14 wa kulea kiinitete maabara kwa utafiti. Hoja kwamba viinitete vinavyobaki baada ya matibabu ya uzazi "vingetupwa tu" haitoshi kwetu waumini. Pasipo ridhaa ya wazazi wa viinitete hivyo, hakuna la kujadili.

Mwanasayansi wa Japani, Shinya Yamanaka, alifungua njia nyingine isiyohitaji kiinitete: mwaka 2006 kwa seli za panya, 2007 kwa za binadamu, alirudisha seli za kawaida kwenye hali ya ushina kwa kutumia jeni 4. Hata hivyo mojawapo, c-Myc, huchochea saratani.

Anayekuahidi sindano ya seli hizi mtaani mkimbie kabisa. Seli ambazo hazijaelekezwa kuwa kiungo fulani huweza kuota teratoma, uvimbe wenye mchanganyiko wa nywele, mifupa, hata meno.

Tiba ya seli shina iliyothibitika ni upandikizaji wa uloto, ute laini ulio ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na hapo hakuna kiinitete kinachoguswa. Hufanyika Muhimbili, na kwa wenye selimundu Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Mwenye mgonjwa Mbeya, Kyela au Iringa aanzie kliniki ya hospitali ya rufaa na kuulizia vipimo vya kuona kama uloto wa ndugu unalingana na wa mgonjwa: kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu. Wakati wa kusubiri, vidonge vya haidroksiyurea, dawa ya selimundu, visiachwe kwa ajili ya vipakiti.