Kurasa 43 za mabwana, kurasa 3 za watumwa: kitabu cha ukoo nilichokilipia dola 690

Nyota mbili kati ya tano. Ya pili nusura niifute, nitaeleza mbele kwa nini imebaki.

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa North Carolina, Kaunti ya Orange. Tangu niolewe nyumba ile nimemsikia akisimulia jambo lilelile kila watu wakikusanyika: bibi yake mzaa mama alikuwa akimtaja mamaye, aliyezaliwa utumwani kwenye shamba la tumbaku karibu na Mto Eno. Jina la huyo mzaliwa wa utumwani analijua. Jina la familia yenye shamba pia analijua, barabara moja huko bado inaitwa kwa jina lao. Ila wazazi wa yule binti walikuwa kina nani, hapo hadithi ilikatika.

Alipokaribia kutimiza miaka 75, wifi zangu wakaamua tumchangie zawadi, na mimi nikapewa kazi ya kuitafuta, eti kwa sababu nafanya kazi ya kompyuta. Nikakuta kampuni mtandaoni, jina lake nalihifadhi, inayouza kifurushi cha historia ya kaya za mashamba makubwa ya Kusini mwa Marekani. Unajaza jina la familia iliyomiliki shamba, kaunti, miaka unayoikisia na yale unayoyajua ya ukoo wako, unalipa, unaletewa kitabu. Waliahidi wiki 8. Kilifika mwezi wa tano, sherehe imeshapita, keki imeshasahaulika.

Kwa macho ni kitabu kizuri, siwezi kusema uongo. Jalada la ngozi bandia ya kahawia, maandishi ya dhahabu, karatasi nzito. Kurasa 58. Jaladani kuna picha ya jumba jeupe lenye nguzo ndefu, mialoni imeinama pande zote mbili za njia. Mama mkwe akaitazama, akasema, "Hii si huku kwetu." Kweli si huku. Baadaye tulikwenda Stagville, pale Durham, shamba la akina Bennehan na Cameron, ambao kufikia 1860 walimiliki kiasi cha ekari 30,000 na watu wapatao 900. Nyumba yao imesimama mpaka leo: nyumba ya mbao yenye ghorofa moja juu, ya kawaida kabisa, nguzo hakuna. Matajiri wakubwa kuliko karibu wote jimboni waliishi humo. Aliyetengeneza jalada letu alichukua picha ya Kusini ya sinema akaibandika.

Nikahesabu kurasa. Arobaini na tatu ni za wenye shamba: wametoka Scotland, nembo ya rangi yenye simba, nani alimuoa nani, nani alisoma wapi, mjukuu gani alikuwa jaji. Kurasa tatu zina kichwa "Watumishi wa Kaya". Zilizobaki ni ramani na karatasi tupu za kuandikia kumbukumbu.

Watumishi! Waliomiliki watu ndivyo walivyopenda kuwaita kwenye barua zao, na wengine walisema kabisa "familia yetu, weupe na weusi". Kwa Kiingereza neno hilo linaweza kupita bila kumkwaruza mtu. Kwetu sisi mtumishi na mtumwa wametoka kwenye mzizi mmoja, lakini mtoto wa darasa la pili atakuambia nani kati yao anapokea mshahara.

Kwenye kurasa hizo tatu walinakili orodha ya watumwa ya sensa ya 1860. Asiyezijua orodha hizo aelewe: sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa katika daftari la peke yake, jina la mmiliki juu, na chini yake umri, jinsia na rangi. Majina yao, isipokuwa kwa nadra sana, hayapo. Kampuni ikatafuta kwenye orodha ya mwana mkubwa wa familia, ikaona "mwanamke, 10, mweusi", ikaona umri unalingana na wa bibi yetu, ikamzungushia duara jekundu. Halafu ikaandika kwamba kabla ya 1870 kumbukumbu za watu hawa hazipo.

Ni kweli 1870 ndiyo sensa ya kwanza iliyowaandika wote waliokuwa watumwa kwa jina na ubini, na wengi hugonga ukuta hapo. Lakini hazipo? Nikawaandikia kuuliza kama walitazama mirathi. Wakajibu kwamba mahakama ya Kaunti ya Durham haina majalada ya miaka hiyo. Nikacheka peke yangu jikoni. Durham haikuwa kaunti mpaka 1881. Kabla ya hapo eneo lile lilikuwa sehemu ya kaunti za Orange na Wake, na makao ya Orange ni Hillsborough. Ni sawa na kumtafuta mtu kwenye nyumba ambayo msingi wake haujachimbwa.

La pili lilinichekesha kidogo tu. Wameandika kwamba ukoo wetu "unatoweka" kati ya 1880 na 1900, huenda walihama. Hawakuhama popote. Sensa ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto uliotokea Washington mwaka 1921.

La tatu halikunichekesha hata kidogo. Sensa ya 1870 inamwonyesha bibi yetu akiwa na miaka 19, ameolewa, yuko na mumewe, na ndani ya nyumba hiyohiyo kuna mwanamke wa miaka 41 mwenye ubini tofauti. Kampuni imeandika: huenda ni mpangaji. Sensa ya mwaka ule haikuuliza uhusiano wa watu wa nyumba moja, swali hilo lilianza 1880, kwa hiyo nafasi ya kukisia ilikuwepo. Lakini mpangaji, kwenye kibanda cha watu waliotoka utumwani miaka mitano iliyopita? Mama mkwe mwenyewe anaishi kwetu, chumba cha chini, na ubini wake si wangu. Nilimsomea ule mstari. Akavua miwani, akasema, "Basi na mimi hapa ni mpangaji wenu."

Hapo ndipo nilipoamua kuitafuta mwenyewe. Zoezi lilinichukua Jumamosi nyingi na siku kadhaa za likizo, na gharama yake ilikuwa mafuta ya gari na nakala.

Nilianza na FamilySearch, tovuti ya kutafutia kumbukumbu za koo, ambayo ni bure, unafungua akaunti tu. Kisha Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo, Raleigh, ambako kuingia pia ni bure: unajiandikisha, unaacha mkoba na kalamu ya wino, unapewa jalada na penseli. Wahudumu wale, Mungu awabariki, hawakuniuliza hata mara moja mimi na lafudhi yangu tunatafuta nini kule. Mmoja alinifundisha kwa sentensi moja jambo ambalo dola 690 hazikunipa: usimtafute mtumwa, tafuta kifo cha bwana.

Maana bwana akiwa hai na mzima hana haja ya kuandika majina. Anawajua, ni wake. Akifa, au madeni yakimkaba, au akimuoza binti, ndipo karani anaitwa na watu wanaandikwa mmoja mmoja, kwa sababu sasa wanagawanywa. Mzee wa shamba letu alikufa 1857. Jalada la mirathi yake lilikuwepo, kwenye Kaunti ya Orange, lilipopaswa kuwa. Ndani yake mahakama imeteua watu wa kuthamini, nao wamewagawa watumwa katika mafungu, fungu moja kwa kila mrithi, na mrithi ambaye fungu lake limezidi thamani atawalipa wenzake tofauti.

Fungu namba 2 lina mwanamke wa miaka 28. Mstari unaofuata, binti wa miaka 7, jina lake ni lile mama mkwe alilolirithi kwa masimulizi. Mama ana jina. Bei yao imeandikwa kando, dola 1,350 kwa wawili. Nilikaa na ile karatasi mpaka mhudumu akaja kuuliza kama nahitaji chochote.

Fungu hilo lilikwenda kwa binti wa pili wa marehemu, aliyekuwa ameshaolewa. Kwa hiyo mwaka 1860 mama na mtoto hawakuwa kwenye orodha ya kaka mkubwa, walikuwa kwenye orodha ya mkwe, chini ya jina jingine kabisa. Yule aliyezungushiwa duara jekundu ni mtoto wa watu wengine. Na nilimjuaje huyo mkwe? Kutoka kwenye zile kurasa 43. Ndoa za mabinti wote zimeandikwa humo kwa tarehe, kaunti na jina la mume, na kila niliyoikagua Raleigh ilikuwa sahihi. Nyota ya pili ni hiyo. Waliitafiti vizuri familia iliyomiliki. Hawakujua tu kwamba walikuwa wameshika ufunguo, wakaugeuza pambo.

Mwaka 1866 jimbo lilipitisha sheria ya kutambua ndoa za waliokuwa watumwa. Wenzi walikwenda kwa karani wa kaunti au hakimu wa amani, wakataja majina yao na muda walioishi pamoja, na kuandikishwa kwa karani kuligharimu senti 25. Kwenye daftari hilo nikamkuta yule mama na mumewe: miaka 20 ya kuishi pamoja. Ubini walioutoa si wa bwana wa kwanza wala wa pili. Ndio ubini wa "mpangaji" wa 1870.

Tulipokwenda Stagville tayari nilikuwa na nakala hizo mkobani. Kiingilio hakuna. Mwongozaji alitupeleka Horton Grove, kwenye nyumba walizoishi watumwa, za ghorofa na mabomba ya moshi ya matofali, akatuonyesha alama za vidole zilizobaki kwenye tofali tangu lilipokuwa tope. Shamba la kwetu halikuwa hilo, na mwongozaji alisema wazi kwamba hawezi kutuambia chochote juu ya watu wetu. Nilimheshimu kwa hilo. Mama mkwe aliweka kidole chake karibu na tofali bila kuligusa, akauliza waliofyatua walikuwa na umri gani. Sikumbuki jibu, nilikuwa namtazama yeye.

Jioni ile aliniomba nimwandikie ile orodha upya, kwa mkono, bila safu ya bei. Nimeiandika kwenye kurasa tupu za mwisho za kitabu cha kampuni. Mwanangu, ambaye kwa hesabu zangu ni kilembwekeza wa yule binti wa miaka 7, ndiye aliyechora mistari kwa rula.

Kuna mtu mmoja bado. Kwenye jalada la 1857, fungu namba 3, yupo mvulana wa miaka 10, na pembeni karani ameandika mamaye ni nani: ni huyuhuyu wa fungu namba 2. Aliyerithi fungu la 3 alihamia Alabama na watu wake. Benki ya Akiba ya Waliokombolewa, iliyofanya kazi kati ya 1865 na 1874, iliwauliza wateja wake majina ya wazazi na ndugu, na huko Alabama ilikuwa na matawi Huntsville na Mobile.

Kampuni imeniandikia tena wiki hii, wananipa punguzo la asilimia 15 nikichukua kifurushi cha Alabama. Nimefuta. Jumamosi naanza na daftari za Huntsville.