Miezi minne na mizani ya dijitali tangu nianze kunyanyua vyuma

Mizani hii niliinunua wiki ileile niliyoanza mazoezi ya nguvu, nikiwa na kilo 74.2. Ni ile ya kioo, yenye vibati vinne vya chuma pa kukanyagia. Inaungana na simu, na mbali ya uzito inakutajia asilimia ya mafuta, misuli, maji, hata uzito wa mifupa. Nimeipanda karibu kila asubuhi kwa miezi minne. Naandika hasa kwa ajili ya mtu aliyeanza vyuma juzijuzi na leo ameamka akakuta namba imepanda, kwa sababu yalinikuta na nusura niache.

Siku ya tisa ilisoma 76.0. Nilishuka, nikapanda tena, nikaisogeza karibu na ukuta, nikapanda mara ya tatu. 76.0. Mapaja yalikuwa yanauma kiasi kwamba kukaa kitini ilibidi nishike meza, chakula nilikuwa nimekipunguza, halafu kilo moja na gramu 800 zimeongezeka! Niliumia sana. Nilikaa siku tatu bila kugusa chuma.

Ningepiga hesabu asubuhi ile, siku hizo tatu nisingezipoteza. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni akiba ya takriban kalori 7,700. Kunenepa kilo 1.8 za mafuta kwa siku tisa kungetaka nizidishe kalori kama 1,500 kila siku juu ya mahitaji yangu, na nisiruke hata siku moja. Sikuwa nimekula hivyo, wala karibu na hivyo. Misuli nayo haijengeki kwa kasi hiyo. Anayeanza, hata akijituma vizuri, kilo moja ya misuli kwa mwezi ni nyingi. Kinachobaki ni maji.

Tena si maji ya bure. Msuli usiozoea mzigo ukifanyishwa kazi ngumu hupata michubuko midogo sana ndani ya nyuzi zake, na mwili hupeleka majimaji pale ili utengeneze. Ndiyo maana maumivu huzidi siku ya pili au ya tatu, si siku yenyewe ya mazoezi. Wakati huohuo misuli huanza kujiwekea akiba kubwa zaidi ya glaikojeni, ile sukari inayotumika unaponyanyua. Kila gramu ya glaikojeni hukaa na gramu kama tatu za maji. Kwa hiyo misuli ikiongeza gramu 200 tu za akiba, mizani inaona gramu 800. Wanaotumia kriatini, ule unga wa kuongezea misuli nguvu, huongeza mara nyingi kilo moja au mbili mwanzoni, na hayo pia ni maji, yamo ndani ya misuli. Mimi situmii, lakini nimeona watu wakiitupa kopo likiwa nusu kwa hofu hiyo, na inanisikitisha.

Sasa mizani yenyewe. Kwa uzito mtupu, naiamini. Siku moja nilijipima, nikanywa nusu lita ya maji palepale, nikapanda tena: imeongezeka nusu kilo kamili. Sharti ni moja tu, iwe juu ya sakafu ngumu iliyonyooka. Niliwahi kuiweka kwenye zulia ikanikosesha zaidi ya kilo, na siku hiyo nilikuwa nimeshaanza kujilaumu kabla sijagundua.

Asilimia ya mafuta ndiyo sehemu ambayo sitaki mtu aitegemee. Kuna siku asubuhi iliniandikia 33.1, jioni ya siku hiyohiyo ikaandika 30.9. Hakuna binadamu anayepoteza mafuta kiasi hicho kati ya asubuhi na jioni. Mizani ya aina hii haioni mafuta. Inapitisha umeme mdogo sana kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, inapima ukinzani, yaani jinsi mwili unavyouzuia umeme huo, kisha inakadiria mafuta. Maji hupitisha umeme vizuri, mafuta hupitisha vibaya. Jioni, ukiwa umesimama kutwa, majimaji yameteremkia miguuni, umeme unapita kwa urahisi, na mashine inadhani umepungua mafuta. Zaidi ya hapo, umeme huo unapita sana miguuni na kwenye nyonga; ya tumbo na mikono ni makisio tu. Na mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kifuani asiipande kabisa.

Kilichonifanya niipende ni kitu kidogo ambacho kwenye maelezo ya bidhaa kimetajwa kwa mstari mmoja: wastani wa siku saba. Wiki ya kwanza wastani wangu ulikuwa 74.3, wiki ya pili 75.6, wiki ya tatu 75.5, ya nne 75.0. Wiki ya kumi na sita, 72.9. Ukiangalia namba za siku mojamoja utadhani ni za mtu mwingine, zinapanda na kushuka hata kilo moja na nusu. Jana umekula chumvi nyingi, hujapata choo, umelala vibaya, yote yanaonekana. Kwetu wanawake kuna na zile siku za kabla ya hedhi, ambazo mwili wangu hushika karibu kilo nzima. Siku hizi wiki hiyo nailinganisha na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, siilinganishi na wiki iliyoitangulia.

Najipima asubuhi, baada ya kwenda haja, kabla ya kula au kunywa, nguo chache zilezile. Kila Jumapili nachukua futi ya fundi cherehani na kuzungusha kiunoni usawa wa kitovu. Kiuno kilianza sentimita 91. Mwisho wa wiki ya nne, wastani wa mizani ukiwa bado juu ya ule wa mwanzo, futi ilisoma 89. Nilipima mara mbili, nikaandika kwenye daftari karibu na uzito nilionyanyua siku ile, na hapo ndipo nilipoacha kuiogopa mizani. Leo ni 84.

Lawama yangu kubwa ni programu ya simu. Ukizidi gramu 300 tu kuliko jana inakuwekea mshale mwekundu, kana kwamba kuna kosa umefanya, na kwa mtu wa wiki ya pili mshale ule unaweza kumtoa jimu. Kwenye mipangilio kuna pa kuuzima. Uzime siku ileile unayoitoa mizani kwenye boksi, na uchague grafu ya wastani ifunguke ya kwanza.