Nafasi iliyoachwa Yosemite: kuvizia mwenyewe au kulipia ujumbe wa kukuarifu?

Kambi za Bonde la Yosemite, hifadhi ya taifa nchini Marekani, hujaa dakika chache baada ya nafasi kufunguliwa kwenye Recreation.gov, tovuti ya kuzihifadhi. Mwenye gari-nyumba aliyechelewa hubaki na nafasi zinazoachwa na wengine.

Kuvizia mwenyewe hakugharimu kitu, na kunalipa zaidi siku mbili au tatu kabla ya kuwasili. Anayefuta nafasi yake mapema hukatwa dola 10. Akingoja hadi siku moja kabla, hupoteza pia malipo ya usiku wa kwanza. Ndiyo maana wengi hufuta kabla ya hapo. Tafuta usiku mmoja mmoja, maana ukiomba siku tatu mfululizo mtambo hukufichia nafasi ya usiku mmoja.

Huduma ya kulipia, kama Campnab, hukagua nafasi zilizoachwa mara kwa mara na kukutumia ujumbe, hata usiku wa manane. Lakini haihifadhi nafasi kwa niaba yako, na ujumbe uleule huwafikia wengine. Ingia kwenye akaunti mapema. Nafasi iliyo kikapuni hushikiliwa dakika 15.

Kwa tarehe moja isiyobadilika, lipia. Mwenye ratiba legevu avizie. Vyovyote vile, weka urefu wa gari kwenye kichujio: Upper Pines, mojawapo ya kambi za bonde hilo, hupokea gari-nyumba lisilozidi futi 35, tela futi 24.